Maziwa Yenye Harufu ya Petroli

Juzi tulimzika Afande Katabazi kwenye shamba lake la migomba huko Masha. Nilifika nimechoka hoi. Kutoka Juru, kwenye kambi yetu ya wakimbizi, unapanda boda, unashuka, unangoja, unapanda tena, na siku hizi kila shimo la barabara nalisikia kiunoni. Wanajeshi wenzake walikuja na sare zilizopigwa pasi, mmoja wao akasoma wasifu wa marehemu: alitumikia wapi, alisimamia karakana gani ya jeshi, alifungua vipi gereji yake Mbarara baada ya kustaafu. Walisema alikuwa fundi aliyeweza kuusikia ugonjwa wa injini kabla gari halijasimama. Hilo ni kweli, masikio ya mzee yule yalikuwa mazima hadi mwisho. Habari ya pua hakuna aliyeitaja, nami sikuona sababu ya kusimama kuieleza mbele ya padri na watu wenye njaa. Nilikaa mkekani na wanawake, nikala matoke na mchuzi wa karanga, nikawaza mwaka ule mmoja niliofanya kazi kwake. Sasa nimerudi nyumbani, nimetumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, na naona afadhali niandike kabla sijaanza kuchanganya mambo.

Nilikuwa na umri wa kuolewa, na watu wa Juru walikuwa hawaachi kunikumbusha. Jumapili moja Afande alikuja akangoja misa iishe, kisha akamwomba katekista amtafutie mtu anayesoma Kifaransa. Nikanyoosha mkono upesi kuliko wote, nikidhani ni mambo ya barua za ofisini, kazi ya kukaa mezani kivulini. Kumbe ilikuwa mashine. Alikuwa ameinunua kwa dereva mmoja aliyetoka Bujumbura, kidude cheusi chenye ukubwa wa tofali na waya mnene, unachomeka chini ya usukani nacho kinakwambia gari linaumwa wapi. Shida ni kwamba kilisema kwa Kifaransa tu, na Mbarara nzima hakuna fundi aliyeweza kukigeuza lugha. Afande alikichomeka kwenye gari lake palepale uwanjani mwa kanisa, akanipa.

"Soma, msichana. Hapana ogopa, hiyo hapana bomu."

Nikasoma kama nilivyokuwa nikisoma somo la kwanza kanisani, kwa sauti kubwa na bila kuelewa chochote. Akatikisa kichwa kwa furaha, akaniambia nifunge nguo zangu. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye magari, mimi ambaye hadi siku ile nilijua baiskeli tu.

Nilipewa nafasi katika chumba cha nyuma ya gereji, pamoja na Mama Furaha, mpishi, Mkongomani ambaye naye alikuwa ametoka Juru. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, sanamu ya Bikira Maria iliyovunjika mkono, na ukuta wa mbao uliotutenganisha na ofisi ya Afande. Kupitia mbao zile tulisikia kila kitu: simu zake, kikohozi chake, sala zake, kijiko chake kikizunguka kikombeni. Mchana tulikula sote chini ya kibanda cha mabati, posho, yaani ugali, na maharage, mafundi upande mmoja na sisi upande mwingine, na Afande peke yake kwenye kiti cha gari kilichong'olewa. Nguo zangu, nywele zangu, hata mkate nilioununua kwa kujiiba, vyote vilinuka petroli na oili chafu. Nilichukia harufu ile wiki za mwanzo, halafu nikaizoea, na sasa nikiipata barabarani moyo wangu unalegea bila kuniuliza.

Kidogo kidogo nilianza kuelewa nilichokuwa nikisoma. Gari la siku hizi linajichunguza lenyewe. Kuna kidude kwenye bomba la moshi kinachopima hewa iliyokwisha ungua. Kuna kopo lililojaa mkaa, kazi yake ni kunyonya mvuke wa petroli unaotoka tangini na kuupeleka kwenye injini ukachomwe, badala ya kuachwa usambae. Kimojawapo kikikosea, kompyuta inaandika namba na kuwasha taa ya injini kwenye dashibodi. Na mara nyingi taa hiyo inawaka baada ya fundi kufungua injini, kwa sababu mpira fulani haukurudishwa au soketi fulani imesahaulika nyuma. Hayo nayajua sasa, na vijana wa hapa Juru wanaoniletea Noah zao nimewaambia hadi mate yamekauka kwamba kufuta namba si kutengeneza gari. Wanaitikia vizuri sana, halafu wanaenda kufuta.

Afande aliipenda mashine kwa sababu iliwavutia wateja, lakini hakuiamini. Ilipotaja betri alikubali. Ilipotaja moshi au mvuke alikasirika, akasema hayo ni mambo ya nchi zisizo na vumbi. Dawa yake ilikuwa moja: alifungua dashibodi, akang'oa kibalbu cha taa ya injini, akakitia kwenye mkebe wa siagi juu ya rafu. Mkebe ulikuwa umejaa. Wateja wengine walikuja kuomba hilo tu, wakaondoka wakishukuru, maana taa isiyowaka haisumbui roho.

Ndipo ikaja Noah ya Mama Kyomugisha. Huyu mama alikuwa akikusanya maziwa kwa wafugaji vijijini na kuyapeleka kituo cha maziwa Bwizibwera, asubuhi kwa asubuhi, makopo ya alumini yamepangwa nyuma ya gari. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua, Afande akaifungua injini mwenyewe, kwani alimheshimu sana. Katika Noah zile za zamani injini iko chini ya viti vya mbele, unainua kiti ndipo unaiona. Alifanya kazi nzuri, injini ikaunguruma kwa upole, lakini taa ya injini ikawaka. Nikachomeka mashine.

"Iko nasema nini?" Afande akauliza.

"Inasema mu njia ya mvuke ya esansi muko na shida, Afande," nikamjibu. Sisi petroli tunaiita esansi. "Ile ya kutoka kwa kopo ya makaa."

"Mvuke! Mimi natengeneza gari ya jeshi tangu wewe hapana zaliwa. Mvuke iko wapi? Toa balbu."

Balbu ikatolewa, Mama Kyomugisha akaondoka akipiga honi. Haikupita muda akarudi, na safari hii hakuwa akicheka. Kituoni walikuwa wamemrudishia maziwa. Pale mpokeaji hupima kwanza kwa pua: anafungua kifuniko, anainama, anavuta pumzi. Alikuwa ameinama na kuinuka akikunja uso, kisha akasema maziwa yananuka petroli.

"Afande, bambi, angalia tena gari," mama akasihi. "Wakinirudishia tena na tena, watanitoa. Mimi niko na watu wengi kule kijijini, wananitegemea mimi. Nitawaambia nini?"

Afande akainua kiti cha dereva, akaingiza kichwa, akakaa humo kitambo. Akatoka, akamjibu kwa lile neno la heshima la huko, nyabo, yaani bibi.

"Nyabo, hapa hakuna kitu. Labda kopo yako ndio chafu."

Mafundi wakainamisha macho. Kumwambia mama wa Kinyankore kwamba chombo chake cha maziwa ni kichafu ni kumtukana yeye na mama yake aliyemlea. Mama Kyomugisha aligeuza gari. Alikwenda nyumbani, akayachemshia makopo maji, kisha akayafukiza kwa majani makavu kama wanavyofukiza vibuyu vya maziwa huko kwao, moshi wa nyasi unaoingia ndani ya chombo na kukipa harufu nzuri. Kesho yake mpokeaji akamwambia maziwa sasa yananuka petroli na moshi. Watu walicheka foleni nzima. Alitusimulia mwenyewe.

Mama Furaha ndiye aliyeniambia kwanza, tukichambua maharage chumbani kwa sauti ya chini kwa ajili ya ule ukuta.

"Spesi, ule muzee hasikiake harufu."

"Acha, mama."

"Nakuambia! Juzi maharagi iliungua, bantu ba ile fasi yote balikohoa. Ye alikula, akaomba ingine mingi. Mutu mwenye pua anaomba maharagi ya kuungua?"

Sikutaka kuamini. Afande alikuwa na sifa ya kuinusa oili kwenye kidole na kusema imetembea umbali gani. Niliona bado anainusa, kila siku, akikunja macho. Sikuwa nimegundua kwamba baada ya kunusa alikuwa akimsubiri fundi mwingine aseme kwanza.

Siku iliyofuata Mama Kyomugisha alitukuta mezani. Alikuwa amebeba kopo moja la maziwa yaliyorudishwa. Hakusalimu, jambo ambalo sijawahi kuliona kwa Mnyankore kabla wala baada. Akakichukua kikombe cha Afande, akamwaga chai yake chini, akakijaza maziwa.

"Kunywa, Afande. Kunywa mbele ya watu."

Mimi nilikuwa mbali kidogo, na hata hivyo harufu ilinifikia. Afande akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa chote bila kupumzika, akafuta masharubu.

"Maziwa mazuri, nyabo. Ng'ombe yako nakula vizuri."

Mafundi wakaangua kicheko, wakidhani mzee anafanya ushujaa. Mama Kyomugisha machozi yakamlenga. "Unanicheka mimi? Mtu mzima kama wewe?" Afande akabaki na kikombe mkononi, akitazama nyuso zetu moja baada ya nyingine, akitafuta kwetu kitu alichopaswa kusema. Hakuwa akimcheka mtu. Hakujua amekunywa nini. Hapo niliamini, na nilimhurumia sana. Baada ya chakula nilikwenda kujilaza, nikamsikia ng'ambo ya ukuta. Alifungua dumu la petroli, kifuniko kikalia. Akavuta pumzi kwa nguvu, akatulia, akavuta tena. Halafu nikasikia kisu kikikata kitu, na baadaye nilipofagia ofisi nilikuta kitunguu kimepasuliwa katikati juu ya meza.

Angeweza kusema siku hiyo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakusema, na sasa ninapochoka mimi mwenyewe nadhani najua. Mtu aliyechoka hana nguvu za kuanza kujieleza upya. Anaona afadhali aendelee na sura ile ile ambayo watu wameshaizoea, akiomba isigunduliwe kabla ya jioni.

Asubuhi Mama Kyomugisha akarudi na Noah. Kituo kilikuwa kimempa neno la mwisho: harufu mara moja tena, asije. Alikuwa amefikiri usiku kucha, akaona kwamba kama makopo ni safi na injini ni nzima, basi gari lenyewe ndilo lililoharibika na kushika harufu ndani, kama kibuyu kinavyoharibika. Alikuja na kigae chenye makaa na kifurushi cha nyasi. Alitaka kulifukiza gari. Lakini kwa kuwa alikuwa mtu mwangalifu, alimuuliza Afande kwanza kama hakuna petroli iliyo wazi humo.

Gari lilikuwa limesimama juani, madirisha yamefungwa. Afande akafungua mlango. Mimi nilikuwa nikitoka jikoni na beseni la maji ya vyombo, na harufu iliyotoka mle ilinipiga usoni nikasimama. Mafundi walikuwepo wote. Afande akaingiza kichwa, akavuta pumzi ndefu ili kila mtu aone, akatoka.

"Hakuna kitu. Fukiza, nyabo."

Mama akapuliza makaa yakawa mekundu, akaweka nyasi, moshi ukapanda. Akainama kuingia. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka beseni likiwa tupu mikononi mwangu, makaa yakilia chini, na Mama Kyomugisha akiwa amelowa kuanzia kifuani, mabaki ya posho yamemganda kwenye gomesi, lile gauni refu la huko.

"Mjinga wewe!" Afande akanifokea. "Leo wewe narudi Juru! Leo leo!"

Sikuwa na pa kwenda zaidi ya huko alikokutaja, na nilikuwa tayari nimeliona akilini jembe langu la huko limeegemea mlangoni. Lakini nilikuwa nimeogopa sana kiasi cha kutobakiwa na woga wa kumwogopa yeye.

"Afande, esansi inanuka mpaka kule jikoni! Bote banaisikia! Ni weye peke yako huisikii!"

Fundi mmoja alikuwa na sigara nyuma ya sikio, akaitoa taratibu akaitia mfukoni. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo limenichosha kuliko yote katika maisha yangu ya kazi: wote walikuwa wakisikia. Tangu siku ya kwanza. Lakini gereji ile iliendeshwa kijeshi, na Afande akisema hakuna harufu, hakuna harufu. Wangemwacha mama wa watu aingie na moto kuliko kumkosoa mkubwa wao, si kwa ubaya, kwa mazoea tu. Afande akawatazama. Hakuna aliyemtazama yeye.

Aliamuru gari lisukumwe mbali na kibanda, milango ifunguliwe, lipigwe na upepo. Akakaa kwenye kiti chake cha gari hadi lilipopoa. Kisha akainuka, akainua kiti cha dereva kwa mikono yake, akaniita.

"Spesi. Kuja. Nionyeshe fasi ile inazidi." Alitumia neno letu, fasi, yaani mahali, nami sikujua kama ni bahati mbaya au ni njia yake ya kuomba.

Nikainama juu ya injini nikifuata pua. Huku hapana, huku kidogo, huku zaidi. Nyuma kabisa, chini ya bomba la kuingizia hewa, mahali pasipoonekana, nikagusa mpira mwembamba unaoning'inia. Ndio uliotoka kwenye kopo la mkaa. Kando yake soketi ya kivalvu chake ilikuwa imekaa peke yake, haikuchomekwa. Mashine ilikuwa imeisema soketi ile tangu mwanzo. Afande aliupokea ule mpira kwa vidole, akautazama sana. Ni mkono wake uliousahau. Akaurudisha, akaufunga kwa bano jipya, akachomeka soketi, kisha akaenda mwenyewe kwenye mkebe wa siagi akatafuta kibalbu, akakirudisha dashibodini. Nikafuta namba. Taa iliwaka tulipofungua swichi, na injini ilipokamata taa ikazima, ikabaki imezimika.

Kituo kilipokea maziwa. Mama Kyomugisha alituletea kopo zima, akanisamehe gomesi yake, akamsalimu Afande salamu ndefu zilizodaiwa tangu ile siku. Afande alishika kikombe, na kabla ya kunywa alinitazama. Nikamwitikia kwa kichwa. Ndipo akanywa.

Sikurudi Juru siku hiyo. Niliongezewa kazi. Kila injini iliyofungwa, kabla haijatoka, nilizungushwa kuinusa, na mafundi wakaanza kuthubutu kusema wanachosikia. Afande aliniambia siku moja kwamba harufu haikuondoka kwa kishindo. Alikuwa akinyonya petroli kwa mpira mdomoni tangu ujana jeshini, na alidhani ndiyo iliyommaliza. Ilipungua kidogo kidogo, akawa anaikumbuka badala ya kuisikia, na hakujua ni siku ipi ilikwisha kabisa.

Mwaka ulipokuwa ukiisha, gereji ilipata mashine mpya yenye Kiingereza, na Juru kulikuwa na uhakiki wa wakimbizi ambao kila mtu alitakiwa awepo. Tulijua sote kwamba sitarudi. Nilipokwenda kuaga, Afande alikuwa ofisini, sanduku la bati limefunguliwa miguuni pake. Akatoa suka, lile vazi wanalojitanda wanawake wa huko begani, la rangi ya udongo, limekunjwa vizuri.

"Hii ya mama ya watoto," akasema. "Alikufa kabla wewe hapana kuja hapa." Akaniwekea mikononi. "Nusa. Bado iko yeye?"

Nikaufunika uso wangu kwalo. Nilitafuta sabuni, nikatafuta samli, nikatafuta jasho la mwanamke, chochote. Kulikuwa na petroli tu, na oili nzito ya injini, hadi ndani kabisa kwenye mikunjo. Alikuwa akilitoa na kulishika kwa mikono ile ile ya kazini, bila shaka kila siku, na hakuwa na njia ya kujua anafanya nini. Nilitamani kumdanganya. Lakini alikuwa amenilisha nusu mwaka kwa sababu ya kumwambia kweli kuhusu harufu, na sikuweza.

"Inanuka petroli, Afande."

Akaweka mikono magotini. Nilidhani nimemuua. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikaona anacheka, kile kicheko cha mtu aliyechoka sana.

"Basi ni yeye," akasema. "Miaka yote yeye nalalamika kwangu: nguo yangu yote nanuka petroli, sababu ya wewe."

Akalichukua lile suka, akalikunja, akalirudisha sandukuni, akafunga kifuniko haraka kabla harufu haijatoka.